Mume wangu kaambiwa apasuliwe bega, mimi nimeambiwa nivumilie

Daktari, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa miaka 51, mkulima wa korosho hapa wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara. Ninakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu kuna mabega mawili mabovu, langu na la mume wangu, na maneno tuliyoambiwa hospitali yameigawa familia.

Mume wangu ana miaka 57. Mwezi wa saba tulikuwa shambani kupulizia salfa, mashine ikagoma kuwaka. Aliivuta kamba ya kuwashia mara tatu, mara nne, na ya tano akaivuta kwa hasira. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake, ninachota salfa kwenye mfuko, nikamsikia akipiga yowe, akaiachia kamba na kuushika mkono wake wa kulia. Anasema alisikia kitu kikikatika ndani ya bega kama ugwe. Tangu siku hiyo hawezi kuunyanyua mkono huo kufika usawa wa bega. Akila, huegemeza kiwiko juu ya goti ndipo tonge lifike kinywani. Akisimama kuswali, kwenye takbira huupandisha mkono wa kulia kwa kuushika na wa kushoto. Usiku hawezi kulalia ubavu ule, na mara nyingi nikishtuka saa nane humkuta ameketi barazani.

Cha ajabu ni kwamba mimi nikiushika mkono wake na kuupandisha taratibu, unakwenda mpaka juu kabisa wala haugomi. Nikiuachia, unaanguka.

Shemeji yangu alituletea mchuaji, ambaye alisema bega limetoka. Alimvuta mara mbili, kisha akamchua kwa mafuta ya nazi kwa wiki mbili, na maumivu yakazidi badala ya kupungua. Tulipokwenda hospitali alipigwa eksirei, tukaambiwa mifupa ni mizima, akaandikiwa vidonge vya maumivu vya diklofenaki, na tangu mwezi wa nane amekuwa akijinunulia mwenyewe dukani. Tuliporudi wiki iliyopita, daktari mwingine alimpima, akasema, "Huyu aende akapasuliwe," akaandika karatasi na kumwita mgonjwa aliyefuata.

Langu ni bega la kushoto. Nina kisukari, huu ni mwaka wa sita. Lilianza lenyewe mwezi wa pili, bila kuanguka wala kubeba kitu. Miezi ya mwanzo liliuma hata shuka ikiligusa. Sasa maumivu yamepungua, lakini mkono umefungwa. Siwezi kufunga sidiria kwa nyuma wala kumsuka mjukuu wangu, na binti yangu alipojaribu kuunyanyua, mkono uligoma kama mlango uliotiwa komeo. Mimi nimeambiwa nivumilie na nifanye mazoezi, ambayo hakuna aliyenionyesha. Nikizidiwa humeza vidonge vya mume wangu.

Shemeji anasema bega halipasuliwi, kwamba jirani yetu aliumwa mwaka mzima akapona bila kisu, na kwamba huko Dar es Salaam wanalikata bega na kuweka la chuma, kisha mkono unakauka. Mwanangu mkubwa anataka fedha za mnada wa kwanza wa korosho zimpeleke baba yake akatibiwe. Mume wangu naye anasema ikiwa mimi nimeambiwa nivumilie, basi na yeye atavumilia, kwa kuwa ugonjwa ni mmoja. Je, ni kweli ni mmoja? Na kama atapasuliwa, atarudi shambani?

Mama wa Tandahimba

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu.

Ugonjwa si mmoja. Barua haiwezi kuchukua nafasi ya mikono ya daktari anayepima, lakini wewe mwenyewe umekwisha kuandika jambo ambalo ningelazimika kukuuliza kabla ya jingine lolote: mkono wa mume wako ukipandishwa na mtu mwingine unapanda, ila yeye mwenyewe hawezi kuupandisha, na wako haupandi, uinuliwe na wewe au na binti yako. Kwa mtu anayeshughulika na mabega, tofauti hiyo ina uzito kuliko maumivu yenyewe, maana mabega mengi huuma kwa namna inayofanana, usiku zaidi kuliko mchana, na maumivu yakateremka mpaka katikati ya mkono wa juu.

Nyonga ni kama mchi ndani ya kinu: imezama, na kuing'oa ni kazi. Bega ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, na mahali kinapokaa kwenye mfupa wa kombe la bega ni padogo na hapana kina. Ndiyo maana mkono unaweza kuzunguka pande zote, ukapangua majani ya mkorosho juu ya kichwa na dakika hiyo hiyo ukafunga khanga mgongoni. Linalozuia chungwa lisianguke ni vitu viwili. Kwanza kuna mfuko mwembamba na laini unaokizunguka kiungo chote. Kisha, juu ya mfuko huo, kuna kano za misuli minne zinazotoka kwenye kombe la bega na kukishika kichwa cha mfupa mbele, juu na nyuma, kama kamba zinavyoushika mlingoti wa dau usiyumbe. Kwa jinsi ulivyoeleza, kwa mume wako inaonekana kamba imekatika, na kwako mfuko umekunjamana na kukaza. Kamba iliyokatika haiwezi kuvuta, hata kama mlingoti wenyewe ni mzima. Mfuko uliokaza hauruhusu mwendo, hata mvutaji awe na nguvu kiasi gani.

Nianze na mwenzio, kwa sababu yeye ndiye mwenye haraka.

Kano hizo huchakaa kadiri umri unavyosogea. Wapo watu wengi wa miaka 60 na kuendelea ambao kano zao zina matundu na hawajui, kwa sababu zilichakaa polepole na misuli mingine ikajifunza kubeba kazi. Watu wa namna hiyo, wakianza kuumwa, kwa kawaida hatuwakimbizii kisu: hupewa mazoezi ya tiba kwa miezi kadhaa, dawa ya maumivu kwa muda mfupi, pengine sindano moja, na wengi hurudi kwenye kazi zao. Mume wako hayumo katika kundi hilo. Alikuwa na bega linalofanya kazi asubuhi, na baada ya kuvuta kamba ile mara moja hakuwa nalo tena. Kano iliyokatika ghafla namna hiyo, kwa mtu ambaye hawezi kuunyanyua mkono na ambaye riziki yake inatokana na mkono huo, ndiyo ambayo daktari wa mifupa anapaswa kuiona mapema, na mara nyingi ushauri wake ni kuishona.

Haraka yenyewe ina sababu. Kano ikikatika, msuli wake hujivuta kurudi nyuma kama mpira uliokatwa, na usipovutwa tena kwa kazi husinyaa, kisha nyama yake hugeuka kuwa mafuta kidogo kidogo. Mafuta hayo hayageuki tena kuwa msuli, hata kano ikishonwa vizuri baadaye. Hakuna siku moja ambayo mlango hufungwa, lakini madaktari wengi hupenda kumfanyia mgonjwa wa aina hii ndani ya miezi michache ya mwanzo. Tangu Julai mpaka sasa, katikati ya Oktoba, ni miezi mitatu. Hajachelewa kiasi cha kukata tamaa, ila uvumilivu wa mwaka mzima, ambao kwa jirani yenu ulileta nafuu, kwake unaweza kugharimu uwezo wa kushonwa. Inawezekana kabisa kwamba jirani huyo alikuwa na ugonjwa kama wako.

Kuhusu eksirei, mliambiwa kweli, ila hamkumaliziwa maneno. Picha ile huonyesha mfupa na haionyeshi kano. Kipimo kinachofuata kwa mume wako ni ultrasaundi ya bega ikifanywa na mtu aliyezoea kupima viungo, ama MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ambayo pamoja na tundu la kano huonyesha pia ni kiasi gani cha msuli kimekwisha kugeuka mafuta. Daktari anapaswa pia kupima hisia za ngozi upande wa nje wa bega na nguvu za mkono mpaka vidoleni, kwa sababu mshipa wa fahamu ulioumia, ama tatizo la shingo, linaweza kuangusha mkono vile vile, na hapo kushona kano hakutasaidia kitu.

Naomba nisimame kidogo kwa mchuaji. Simlaumu mtu anayemkanda mgonjwa kwa nia njema, na misuli iliyochoka hupata nafuu kwa kuchuliwa. Lakini kuvuta bega lililoumia, bila picha, ni jambo linalonitia hofu. Bega lililotoka kweli huonekana: duara la bega hupotea, pembe ya mfupa hujitokeza, mgonjwa huushikilia mkono wake na hakubali uguswe. Zaidi ya mara tisa katika kumi kichwa cha mfupa hutoka kuelekea mbele. Hurudishwa hospitali, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya kulegeza na kuondoa maumivu, na picha hupigwa kabla na baada, kwa sababu kuvuta kwa nguvu kunaweza kuvunja mfupa au kuumiza mshipa wa fahamu. Lingekuwa limetoka, mkono wake usingepanda mpaka juu ulipoushika wewe. Na kwa kuwa wasomaji vijana, hasa wachezaji mpira na wavuvi wa Mikindani na Kilwa, huniandikia kuhusu mabega yanayotoka kila mara, niseme hapa hapa kwamba kijana ambaye bega lake limetoka mara ya kwanza ana uwezekano mkubwa wa kutoka tena, na kwao upasuaji upo tangu zamani. Mwingereza Bankart alieleza mwaka 1923 namna ya kuirudisha mahali pake kingo ya kiungo iliyong'oka, na Mfaransa Latarjet mwaka 1954 akaeleza namna ya kuhamisha kipande cha mfupa mbele ya kiungo kiwe kizuizi. Njia zote mbili zinatumika hadi leo.

Sasa kuhusu kisu chenyewe, kwa kuwa naona ndicho kilichowatisha. Kushona kano si kukata bega. Mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi, mara nyingi pamoja na ganzi ya mshipa shingoni ili akiamka asiumie sana. Daktari hufanya kazi kwa kupitia matundu madogo, moja la kamera na mengine ya vifaa, au kwa kupasua mahali padogo upande wa juu wa bega. Njia zote mbili ni halali, na usimdharau daktari anayekuambia atapasua badala ya kutumia kamera. Ncha ya kano husafishwa, vipini vidogo vyenye nyuzi hupigiliwa kwenye kichwa cha mfupa, kisha kano hufungwa kwa nyuzi hizo mahali ilipong'oka. Uzi hushikilia tu, na kano huota upya kwenye mfupa kwa miezi.

Ndiyo maana kazi kubwa huanza baada ya kutoka chumba cha upasuaji. Kwa kama wiki sita mkono hutundikwa shingoni kwa kitambaa, usiku na mchana, na mgonjwa haruhusiwi kuunyanyua kwa nguvu zake mwenyewe. Kiwiko, kifundo na vidole huchezeshwa tangu siku za mwanzo, na bega huchezeshwa na mtaalamu wa mazoezi kwa kadiri daktari alivyoelekeza. Baada ya hapo huanza kuunyanyua taratibu. Mazoezi ya kutia nguvu huja kwenye wiki ya kumi na mbili hivi, na kazi nzito kama jembe, shoka na kubeba gunia hazianzi kabla ya miezi sita, kwa wengine zaidi. Kwa hesabu hiyo, akishonwa katikati ya Novemba, kitambaa kitatoka mwishoni mwa Desemba, nguvu zitaanza kutafutwa Februari, na msimu wa salfa ukifika bega lake litakuwa ndiyo kwanza linaruhusiwa kazi. Msimu ujao tafuteni kijana wa kupulizia, na gharama yake muihesabu tangu sasa pamoja na gharama za hospitali. Na hata miaka itakayofuata, mashine iwekwe chini, ikanyagwe kwa mguu ili itulie, na kamba ivutwe na mtu mwingine.

Kuna hatari, na itakuwa dhuluma kuzificha. Kano iliyoshonwa inaweza kukatika tena, hasa ikiwa tundu lilikuwa kubwa, ikiwa mgonjwa anavuta sigara, au ikiwa amekivua kile kitambaa wiki ya tatu kwa sababu anajisikia vizuri. Kidonda kinaweza kupata usaha. Bega linaweza kukaza kwa muda. Mshipa wa fahamu kuumizwa hutokea kwa nadra. Hilo la mkono kukauka, ambalo shemeji yako amelisikia, kwa uzoefu wangu linatokana zaidi na wagonjwa walioshonwa vizuri wakarudi kijijini bila mtu wa kuwasimamia mazoezi, mkono ukakaa kwenye kitambaa miezi minne. Kwa hiyo kabla hajakubali kupasuliwa, amuulize daktari: tundu lina ukubwa gani, msuli bado ni mzuri, na nani atanifanyisha mazoezi nikirudi Tandahimba. Swali la tatu lina uzito sawa na mawili ya kwanza.

Ipo operesheni moja ambayo ningependa aiulizie kwa makini iwapo atatajiwa hiyo peke yake, nayo ni ya kukwangua mfupa ulio juu ya kano ili kuongeza nafasi. Ilifanywa sana duniani kwa miaka mingi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 313 waliokuwa na maumivu ya bega bila kano kukatika kabisa, uliwalinganisha waliokwanguliwa na wengine waliotazamwa tu ndani ya bega kwa kamera bila kukwanguliwa. Nafuu yao haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Kwa kano iliyokatika, anachohitaji ni kushonewa.

Na bega la chuma lipo, ila si la mume wako kwa sasa. Mtu wa kwanza kuwekewa bega la bandia alikuwa mwoka mikate wa Paris, mwaka 1893, ambaye bega lake liliharibiwa na kifua kikuu. Daktari Péan alimwekea la madini ya platinamu na mpira, na likatolewa baada ya kama miaka miwili kwa sababu ya maambukizi. La siku hizi ni jambo jingine kabisa. Huwekwa pale gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, inapokuwa imelika na mfupa unasugua mfupa, au kichwa cha mfupa kimepasuka vipande visivyoungika. Mfaransa Grammont, mwaka 1985, alianzisha lile linalogeuza mpangilio, chungwa likakaa mahali pa kisosi na kisosi mahali pa chungwa, ili msuli mkubwa wa nje wa bega uunyanyue mkono hata kama kano hazipo. Hilo ndilo huwafaa wazee ambao kano zao haziwezi kushonwa tena, na ni sababu nyingine ya mwenzio kutofika huko kwa kuchelewa.

Sasa wewe, dada yangu, ambaye umeandika habari zako kwa mistari michache baada ya kumaliza za mumeo.

Linalokusumbua lina dalili zote za bega lililoganda. Jina hilo alilitoa daktari wa Boston, Codman, mwaka 1934, naye alikiri kwamba ni ugonjwa mgumu kuueleza. Mfuko wa kiungo huvimba ndani kwa ndani, kisha hunenepa na kukaza. Huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake zaidi kuliko wanaume, na kisukari ni rafiki yake mkubwa: katika watu kumi wenye kisukari, mmoja au zaidi hulipata. Hukosei unaposema maumivu yalikuwa makali kwanza na sasa yamepungua huku mkono ukifungwa, kwa sababu ndivyo linavyokwenda. Hatua ya kwanza ni ya maumivu, ya pili ni ya kukaza, na ya tatu ni ya kufunguka polepole. Safari yote huchukua kati ya mwaka mmoja na mitatu, na kwa mwenye kisukari huwa ndefu zaidi, pengine na kubaki ugumu kidogo.

Aliyekuambia uvumilie hakukosea ugonjwa. Alikosea kukuacha bila kukuonyesha kitu, na uvumilivu wa namna hiyo siupendi. Kwanza unahitaji eksirei, ambayo sioni kama umepigwa, ili kuhakikisha hakuna jambo jingine ndani ya kiungo. Ukiwa na homa, bega likavimba na kuwa la moto, ukapungua mwili au ukatoka jasho jingi usiku, rudi hospitali haraka, kwa sababu usaha na kifua kikuu cha kiungo hujificha nyuma ya bega lililokaza. Na kwa kuwa ni bega la kushoto na una kisukari, maumivu yakikujia ukiwa unapanda mlima au unatwanga, pamoja na kubanwa kifua au jasho la baridi, hayo ni ya moyo mpaka daktari aseme vinginevyo.

Mazoezi yenyewe ni haya, mara mbili au tatu kwa siku, baada ya kuoga maji ya moto au kuliwekea bega kitambaa cha moto. Egemea meza kwa mkono mzima, inama, uache mkono mgonjwa uning'inie kama timazi ya fundi mwashi, kisha uyumbishe mwili ili mkono uzunguke wenyewe, duara dogo kwanza. Ukimaliza, simama mbele ya ukuta uvipandishe vidole kidogo kidogo, na mahali ulipofika weka alama ya mkaa, ili juma lijalo ujue umepanda au la. Pitisha kamba juu ya mti wa kenchi, ukae chini yake, na mkono mzima uuvute ule mgonjwa kwenda juu. Kisha, kiwiko cha mkono mgonjwa kikiwa kimebana ubavuni, shika mwiko kwa mikono yote miwili na kwa mkono mzima uusukume ule mwingine kwenda nje. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote na ndilo linaloachwa. Maumivu ya kuvutika wakati wa zoezi yanakubalika, ila yakikunyima usingizi usiku huo, umezidisha.

Sindano ya kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo husaidia zaidi katika miezi ya mwanzo ya maumivu, na bado inaweza kukusaidia, lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Usikubali kuchomwa bila kumwambia mchomaji kwamba una kisukari, na kwa juma moja baadaye upime sukari kila siku. Upasuaji nao upo. Daktari anaweza kuuzungusha mkono kwa nguvu ukiwa umelala kwa nusu kaputi mpaka mfuko uachie, au kuingia kwa kamera na kuukata mfuko pale ulipokaza. Hayo huwa ni ya mtu ambaye miezi ya mazoezi ya kweli haikumfungua. Uingereza walichapisha mwaka 2020 utafiti wa wagonjwa 503 wa bega lililoganda, uliolinganisha njia hizo mbili na njia ya mazoezi pamoja na sindano. Baada ya mwaka mmoja wote walikuwa wamepata nafuu kubwa, na hakuna njia iliyoizidi nyingine kwa kiasi ambacho mgonjwa angekihisi sana. Kwa hiyo hukunyimwa tiba ambayo mumeo amepewa. Kwako kisu kinaweza kusubiri, na kwake kinaweza kuchelewa.

Vidonge vyake uviache leo. Diklofenaki ikitumika kwa miezi huchuna tumbo, hupandisha presha na hupiga figo, na figo za mwenye kisukari tayari zina mzigo. Muulize mhudumu wa afya kuhusu parasetamoli kwa kipimo sahihi. Mume wako naye, aliyekunywa tangu Agosti, apimwe presha na figo kabla ya operesheni yoyote, na kama anapata choo cheusi asingoje siku ya kliniki.

Kuhusu safari, karatasi aliyoandikiwa msiitupe, kwa sababu ndiyo rufaa yake. Anzeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, mkaulizie siku ya kliniki ya mifupa, kabla ya kupanda basi la zaidi ya kilomita 500 kwenda MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Ikiwa daktari wa hapa ataona anafaa kwenda MOI, atampeleka akiwa na vipimo mkononi, na hiyo itawaokolea siku za kulala nyumba za wageni. Kama mna bima, hakikisheni mapema ni nini inalipia katika upasuaji na mazoezi. Kama hamna, ingieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mkaeleze hali yenu kabla ya bili kuandikwa.

Nendeni wote wawili siku moja. Chukueni ile picha ya eksirei, karatasi ya rufaa, daftari lako la sukari na maganda ya vidonge vyote mlivyokunywa. Na daktari akimaliza kumpima, mwombe akuruhusu umwonyeshe kwa mikono yako lile uliloniandikia: uupandishe mkono wa mumeo mpaka juu, kisha uuachie taratibu, naye aone.